Matege ya Anansia

Daktari Shekiondo aliiweka ile miguu juu ya meza, na mimi nikauliza, "Hii ni ya nani?"

Ilikuwa mifupa miwili ya muundi, ya plastiki nyeupe, kuanzia gotini hadi kifundoni, imenyooka kama michi. Bado ilikuwa na joto la mtambo. Binti yangu Elinipa aliuchukua mmoja akaupeleka dirishani autazame vizuri, kama mtu anayechagua kitenge dukani.

"Ni ya mwanangu," akasema. "Mama, tazama ilivyo mizuri."

"Nimeitazama. Ndiyo maana nauliza ni ya nani."

Daktari akacheka kidogo, akavuta kiti akakaa mbele yetu. Alikuwa mama wa makamo, Msambaa, mwenye sauti ya mtu asiyekimbizwa na kitu. "Bibi, umeona nilichokiona mimi," akasema. "Ndicho nilichowaitia."

Mjukuu wangu Anansia alikuwa chumba cha jirani, katika usingizi wa dawa, mashine ikimvutia pumzi. Kazi yake ilikuwa kushika breki ya waya wa mizigo, ule unaoteremsha ndizi na viazi kutoka kwetu mlimani mpaka barabara kubwa. Asubuhi moja ya ukungu kikapu kilichojaa kilichomoka kwenye kulabu kikamfuata pale pale aliposimama. Kifua kikaumia, na miundi yote miwili ikavunjika vipande vipande kama chungu kilichoangukia jiwe.

Zamani mtu wa namna hiyo angekatwa miguu. Sasa mfupa uliosagika huchapwa mwingine. Hospitali kubwa zote zina mtambo wa kazi hiyo. Wenyewe wana jina lake refu, lakini sisi watu tumeuita Mfinyanzi, na siku hizi hata madaktari humwita hivyo.

"Mguu mmoja ukivunjika," Daktari akatueleza, "Mfinyanzi hutazama ule mzima, huugeuza kama kwenye kioo, hapo hujua umbo la kuchapa. Anansia kavunjika yote miwili. Basi Mfinyanzi kaokota vipande kwenye picha, kaona vimepinda. Yeye kafundishwa kwa miguu ya watu wa mijini na mabondeni. Kadhani kule kupinda ni sehemu ya ajali. Kainyoosha."

"Kafanya vizuri," akasema Elinipa.

Sisi tuliokulia kule juu kabla maji hayajachujwa, maji ya mlima yalitupa meno ya kahawia na miguu ya matege. Wataalamu wana jina la madini yenyewe. Sisi tuliyaita maji tu, maana hatukuwa na mengine. Mtambo wa kuchuja ulipokuja, Anansia alikuwa ameshapinda. Wadogo zake walinyooka wote. Katika nyumba yetu tulibaki mimi na yeye tu ambao mbwa anaweza kupita kati ya magoti yetu bila kuomba njia. Elinipa mwenyewe alilelewa na shangazi yake Tanga, ana meno meupe na miguu ya kuvalia sketi. Ila mtoto wake wa kwanza alimleta kwangu kunyweshwa uji wa maji yale, yeye akarudi mjini kutafuta kazi. Hilo halijawahi kumtoka moyoni, ingawa hatujawahi kulizungumza.

"Huenda kafanya vizuri," Daktari akasema. "Lakini nyonga zake, magoti, misuli, vyote vimekua juu ya matege. Nikimtia miguu iliyonyooka ni kama kutia mlango mpya kwenye fremu iliyopinda. Nitakata na kusogeza mengi. Halafu atajifunza kusimama upya, labda mwaka, labda zaidi. Wapo waliofaulu. Wapo walioishia kwenye kiti cha magurudumu."

"Na ukimrudishia ya kwake?" nikauliza.

"Atatembea kabla ya masika kwisha. Ila uzeeni magoti yatasagika, kama..."

"Kama yangu. Sema tu, mwanangu. Nikiinuka asubuhi yanapiga kelele kuliko kinu."

Elinipa hakucheka. "Si anaweza kutiwa ile ya zamani kwanza, akipona vizuri akabadilishiwa?"

"Hapana, dada. Mfupa uliochapwa ukishashika, mahali hapo hapachapwi mara ya pili. Mwili haukubali. Na mgonjwa asipoweza kusema, sheria inataka ndugu wawili wa damu wakubaliane. Ndio ninyi."

Akatuomba picha ya Anansia akiwa amesimama, hata ya simu, ili ajue mpindo wenyewe ulikuwa wa namna gani. Tukatafuta kwenye simu ya Elinipa na kwenye yangu. Kwetu ukipigwa picha unakaa, au unasimama nyuma ya watoto, na kitenge kinashuka mpaka vidoleni. Na mdomo umefumbwa. Picha za Anansia zilikuwa tele kama maharage, na katika zote hakuwa na miguu.

Daktari akainamisha macho, akatazama pindo la kitenge changu. Nilijua anachotaka kabla hajakisema.

"Bibi," akasema, "naomba nikupime wewe."

*

Chumba cha Mfinyanzi kilikuwa na harufu kama ya chokaa mbichi. Fundi wake, Lushinge, Msukuma mmoja mrefu mwenye adabu, alinipa shikamoo mara mbili, moja mlangoni na nyingine aliponilaza kwenye meza ya picha.

"Marahaba, baba. Itauma?"

"Haiumi, Bibi. Wewe usicheze tu."

"Kwa magoti haya nitacheza nini?"

Pete kubwa ikazunguka miguu yangu ikivuma. Lushinge akanieleza, kwa kuwa nilimwuliza, na mimi si mtu wa kuona haya kuuliza. Kwanza Mfinyanzi huchapa mfupa wa plastiki, ili daktari aupasue huo kabla ya kumpasua mtu. Hapo hujifunza pa kukata, pa kushikiza, na mishipa ipo wapi. Akikosea kwenye plastiki, inatupwa. Akishakuwa na uhakika ndipo unachapwa mfupa wenyewe. Unatengenezwa kwa unga wa mfupa, na ndani yake zinapandwa chembe hai zilizochotwa nyongani mwa Anansia na kukuzwa kwenye joto. Zile chembe hula ule unga polepole na kujenga mfupa wa kweli mahali pake.

"Kwa hiyo unaanza kuwa wetu, unaishia kuwa wake," nikasema.

"Hasa, Bibi. Ila umbo linabaki lile tulilompa."

Sindano ya mtambo ikaanza kwenda na kurudi, mstari juu ya mstari, kama nyuki kwenye sega. Sikuona kitu kwa muda mrefu. Mimi ni mtu wa kungoja. Nimengoja mvua, nimengoja ng'ombe azae, nikaketi hapo na mikono mapajani. Kidogo kidogo kikatokea kifundo. Kisha mfupa ukaanza kupanda, ukaenda nje, nje zaidi, halafu ukarudi ndani kuelekea gotini, kama upinde.

Lushinge alinipa mkononi ukiwa vuguvugu.

Niseme kweli. Mguu huo niliubeba maisha yangu yote na sikuwahi kuuona. Nilivyokuwa nikiuwaza, niliuwaza kama kitu kilichoharibika. Sasa niliupitisha kidole kwenye ule mpindo, nikakuta upande wa ndani umejijenga mnene, pale ulipokuwa ukibeba mzigo. Ulikuwa umejua kazi yake. Nikauona mzuri, na nikaogopa kidogo kwa kuuona mzuri.

*

Tulikaa kwenye benchi la nje, chini ya ukuta wenye jua, Elinipa na miguu yake iliyonyooka mapajani, mimi na yangu iliyopinda. Mtu aliyepita angedhani tunauza.

"Mama, huoni?" akasema Elinipa. "Mungu hakumvunja, lakini maadamu kavunjika, mlango umefunguka. Wangapi kule kwetu wangeipata nafasi hii?"

"Na asipotembea?"

"Atatembea. Ana kichwa kigumu, kakirithi kwako."

"Daktari hakusema kichwa. Kasema nyonga."

Akageuka akanitazama usoni. "Wewe unataka afanane nawe, Mama. Basi. Sema ukweli."

Neno hilo liliniingia na nikaliacha likae, maana sikuweza kulitoa. Nilijaribu kumfikiria Anansia mwenyewe, angesema nini. Vijana wa kwenye waya wa mizigo walikuwa na mtindo wa kupiga kelele "Goli!" akipita, kwa jinsi miguu yake ilivyoacha nafasi. Siku moja niliwasikia, nikamsikia na yeye akijibu bila kugeuka: "Goli lipo, mpira wenu ndio mdogo!" Wakachekana wao kwa wao wiki nzima. Mtu anayejibu hivyo, je, anaionea aibu miguu yake? Lakini ni huyo huyo ambaye kila gauni jipya alilishusha pindo kabla ya kulivaa.

"Tungoje," nikasema. "Kifua kikipona wataondoa dawa, atasema mwenyewe."

"Ukimwuliza Daktari atakwambia."

Tukamwuliza. Daktari Shekiondo alisimama mbele yetu, mikono ndani ya mifuko ya koti. "Misuli yake inajikunja kila siku, Bibi. Tukingoja mpaka aamke kwa wakati wake, haitakubali tena kuvutwa kwenye mfupa ulionyooka. Tutakuwa na ya kupinda tu."

"Unasikia?" akasema Elinipa. "Kungoja ni kumchagulia matege."

Alikuwa na haki. Subira yangu, ambayo watu huisifia, hapo ilikuwa ujanja, hata kama sikukusudia.

"Daktari," nikasema, "ungekuwa mwanao?"

Akafikiri. "Ningemrudishia ya kwake, nikalala usingizi. Lakini mimi si yeye, na sijawahi kupita mahali watu wakaniita goli." Kumbe vijana wa waya waliomleta hospitali walikuwa wamemsimulia hata hilo. Akaendelea taratibu, "Kuna njia ya tatu. Siipendi, ila siwezi kuwaficha. Naweza kumpunguzia dawa kwa kitambo, aamke, aulizwe, kisha nimrudishe. Ana mrija kooni, hatasema, lakini atasikia. Shida ni mapafu. Yanaweza kugoma kurudi kwenye mashine."

"Hapana," akasema Elinipa. "Hapana! Umwamshe afe kwa ajili ya swali?"

Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, na jua lote lile. "Elinipa mwanangu. Tukikosea mimi na wewe, nani atatembea juu ya kosa hilo?"

"Wewe ni mzee, hutakuwepo kuliona."

"Ndiyo maana siwezi kuliacha."

Akalia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kanga. Baadaye akasema, pasipo kunitazama, "Akiamka, asiniulize kwa nini nilimwacha kwako." Nikamwambia mtoto mwenye mrija kooni hawezi kuuliza hilo. Akacheka katikati ya machozi, akasema mimi ni mama mbaya sana, na tukaingia ndani.

*

Walimwamsha baada ya chai ya asubuhi, mapazia yakiwa wazi. Daktari akasimama kichwani pa kitanda, muuguzi kwenye mashine, sisi tumeketi kila mtu upande wake. Macho ya Anansia yakafunguka, yakazunguka, yakamkuta mama yake, kisha mimi.

"Umelala hospitali, umeumia, lakini upo," nikamwambia. "Usijaribu kusema. Tunakuuliza jambo moja."

Daktari akamweleza kwa maneno mafupi na wazi, akirudia. Miguu imevunjika yote. Mfinyanzi atachapa mingine. Kuna umbo la namna mbili. Huu, atembee mapema, magoti yasagike uzeeni. Huu, ateseke muda mrefu, na anaweza asitembee kabisa. Akitembea, magoti yatadumu. Akamwekea mfupa mmoja mkono huu, na mwingine mkono ule.

Vidole vyake vilikuwa dhaifu. Vikaanza na ule uliopinda. Vikapanda kwenye mpindo, vikashuka, vikapanda tena, na nikaona macho yake yanapata kitu yanachokijua. Akauvutia kifuani.

Nikasema ndani kwa ndani: ameuchagua, asante Mungu.

Akanitazama. Kisha akaunyoosha mkono, polepole mno, akauweka ule mfupa mapajani mwangu, kama mtu anayemrudishia jirani sufuria yake. Akashika ule mwingine kwa mikono yote miwili.

"Tumjaribu tena," akasema Daktari. Akaichukua yote miwili, akabadilisha mikono, akamweleza upya bila kupunguza, hasa lile la kiti cha magurudumu. Anansia hakupapasa safari hii. Aliuacha uliopinda, nikaudaka, akashika ulionyooka akagonga nao chuma cha kitanda. Akagonga tena.

Mashine ikaanza kulia. Kifua chake kikapanda bila mpango, midomo ikageuka rangi. Daktari akasema neno moja kwa muuguzi, na sisi tukasukumwa nje, mlango ukafungwa.

Tulisimama koridoni. Nilikuwa bado nimeushika ule mfupa wangu. Nilisikia mlio ule ndani, mkali, halafu ukatulia, halafu ukaanza kwenda sawa. Daktari alipotoka jasho lilikuwa limemlowesha kola.

"Amerudi," akasema. "Amelala." Akatoa kioo kidogo cha mkononi ambacho ndugu huweka kidole gumba kukubali. "Sasa ninyi."

Elinipa akarudi nyuma hatua moja. "Hakuelewa," akasema. "Alikuwa kwenye dawa, Daktari. Uliona macho yake? Hakuelewa." Akanigeukia, uso umemwisha rangi. "Mama, nimebadili. Nilimwona pale anavyokosa pumzi. Sitaki mwaka wa mateso, sitaki kiti. Tumtie ya kwako, atembee, yaishe. Si ndivyo ulivyotaka? Mimi nakubali. Weka kidole."

Kila kitu kikawa chepesi ghafla. Aliyekuwa akinipinga ananiomba nishinde. Daktari mwenyewe angelala usingizi. Hakuna mtu ambaye angenilaumu, hata Anansia asingejua, maana dawa ile huwafutia watu kumbukumbu. Neno la kukubali lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Elinipa," nikasema, "jana uliniambia nataka afanane nami. Ulisema kweli. Basi leo usinisaidie."

"Mama, anaweza asitembee!"

"Ameambiwa hivyo mara mbili. Angekuwa haelewi, asingenirudishia mguu wangu."

"Na asipotembea, utamwambia nini?"

"Nitamwambia alichagua, na mimi nitamsukuma kwenye kiti mpaka mikono iishe. Sijui kingine cha kumwambia."

Nikaweka kidole gumba kwenye kioo, upande wa umbo lililonyooka. Kioo hakikukisoma, nikalazimika kukifuta kwenye kitenge na kuweka tena. Kisha Elinipa akaja akaweka chake kando ya changu, akaegemeza kichwa begani kwangu, yeye mrefu kuliko mimi, ikabidi ajikunje.

*

Mifupa ilichapwa, upasuaji ukafanywa kutwa nzima. Jioni yake Lushinge alinifuata pale benchini. Kwa desturi yao plastiki iliyotumika huyeyushwa wachapiwe wengine.

"Ila hii ni miguu yako, Bibi. Ukitaka, uende nayo nyumbani."

"Iyeyushe tu, baba," nikamwambia. "Mimi ninayo mingine hapa."

Sitaeleza yote ya miezi iliyofuata. Alilia sana. Aliniambia maneno ambayo mjukuu hamwambii bibi yake, nami nikayapokea kama mtu anavyopokea mvua akiwa mbali na nyumba. Siku moja alisema, "Ungekataa! Wewe ulikuwa na akili timamu, mimi nilikuwa na dawa, ungekataa!" Tulikuwa tumemwambia alichagua mwenyewe, lakini kweli hakukumbuka lolote. Elinipa akafungua mdomo amjibu, nikamzuia kwa jicho. Nilimwambia Anansia kwamba huenda nilikosea, na nikaendelea kumkanda nyonga kwa mafuta.

Jana walimsimamisha. Kuna pahali wana vyuma viwili sambamba, vya kushikia. Daktari Shekiondo alikuwa nyuma yake, Elinipa mbele akiwa amenyoosha mikono kama anamfundisha mtoto kutembea. Anansia akavuta pumzi, akajiinua, magoti yakatetemeka, yakagoma, akarudi kukaa. Akatukana. Akajiinua tena.

Safari hii akaenda juu, akazidi kwenda juu. Hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria hilo: upinde ukinyooshwa huwa mrefu. Akampita mama yake. Akampita Daktari. Mimi nilikuwa nimesimama kando, nikajikuta namtazama kwa kuinua shingo, mtoto niliyemzoea tukitazamana macho kwa macho. Jasho lilimtoka, meno yake ya kahawia yote nje, mdomo wazi kabisa.

"Bibi," akasema huku akihema, "kumbe huku juu kuna upepo!"

Kisha miguu ikamwachia akaangukia kifuani kwa mama yake, wakaenda chini wote wawili, Daktari akiwakimbilia. Hakuna aliyeumia. Kutoka pale sakafuni nilisikia sauti ya Anansia, imebanwa chini ya kanga ya mama yake, ikisema waniite mimi nishike ule upande wa kushoto, maana anataka kwenda tena.

Nikajongea, magoti yangu yakisaga, nikashika.